Seli Hupimaje Poliamini Zake?

Katika seli ya mtu, na katika seli ya mhindi vilevile, zimo molekuli ndogo ziitwazo poliamini. Zijulikanazo zaidi ni putresini, spermidini na spermini. Zina chaji chanya, kwa hiyo hushikamana na DNA na RNA, ambazo chaji yake ni hasi. Zikipungua mno, seli hukoma kukua. Zikizidi, hugeuka sumu.

Poliamini huanzia kwenye kimeng'enya kiitwacho ornithini dekaboksilesi, ambacho huiondolea ornithini kaboni dioksaidi ikawa putresini. Ajabu iko katika namna kinavyozuiwa. Seli za wanyama huunda protini iitwayo antizaimu. Maagizo yake yameandikwa katika RNA, nayo ribosomu huyasoma herufi tatu tatu. Lakini kabla maagizo hayajaisha ipo ishara ya kukoma. Poliamini zikiwa chache, ribosomu nyingi huitii ishara hiyo na kuacha kipande kifupi kisichofaa kitu. Zikiwa nyingi, ribosomu zaidi huruka herufi moja mbele, zikaipita ishara na kusoma hadi mwisho. Kuteleza huko, ambako kwingineko kungeiharibu protini, hapa ndiko kuikamilishako. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili ubaoni: aandike sentensi bila nafasi, aikate herufi tatu tatu, kisha katikati aruke herufi moja.

Antizaimu iliyokamilika hukishika kimeng'enya, huzitenganisha nusu zake mbili, na kukifikisha kwenye proteasomu kivunjwe. Huzuia pia poliamini za nje zisiingie. Kiasi kikishuka, antizaimu hupungua na kazi huanza upya.

Kwa sababu hiyo kimeng'enya cha mtu hakidumu. Nusu yake hutoweka katika muda usiofika saa 1. Vimelea vya malale, vienezwavyo na mbung'o, havina antizaimu, na kimeng'enya cha aina ya gambiense hudumu sana. Dawa ya eflornithini hukifunga kimeng'enya kisifunguke tena. Mtu huunda kingine upesi, bali kimelea hubaki na kilichofungwa. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1990 kwa malale ya gambiense, ambayo imejulikana kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kwa aina ya rhodesiense, iliyoko Tanzania na kusini-mashariki mwa Uganda, haikutegemewa. Sababu moja iliyoonekana ni kwamba vimelea hivyo navyo hukibadilisha kimeng'enya chao upesi zaidi.