Fahamu: Sauti inavyopima kasi ya maji chini ya mto

Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, hupokea maji ya mito ya Ruaha Mkuu na Kizigo. Kujua yanaingia kiasi gani, kutazama uso wa mto hakutoshi: maji ya juu hukimbia, ya chini hukwamishwa na mawe na mchanga.

Mojawapo ya vifaa vya kazi hii hufungwa kwenye kiboya, kikavutwa kwa kamba kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Hutuma milio ambayo sikio la binadamu halisikii. Ikigonga chembe za tope zinazosafiri na maji, mwangwi hurudi. Chembe zikija, mlio hupanda. Zikienda, hushuka, kama honi ya basi linalokupita barabarani. Christian Doppler alieleza kanuni hiyo mwaka 1842.

Na kina? Ni hesabu ya muda. Sauti majini huenda takriban mita 1,500 kwa sekunde, hivyo mwangwi uliochukua milisekunde 4 kwenda na kurudi umetoka umbali wa mita 3. Kila tabaka hupata kasi yake.

Tope likizidi, kama mto unapofurika, sauti humezwa kabla ya kufika chini.