Kizuri chajiuza, lakini sharti kisikike

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walimu huirudia methali hii darasani, nao wanafunzi huinakili bila kuihoji. Hata hivyo, maisha ya Miliza Korjus, mwimbaji wa opera mwenye asili ya Estonia, yanadhihirisha kwamba methali hiyo ina sharti lisilotajwa: kizuri hakijiuzi kikifungiwa ndani.

Korjus alizaliwa mjini Warsaw mwaka 1909. Babake alikuwa Mwestonia, afisa katika jeshi la mfalme wa Urusi. Mapinduzi ya Urusi yaliitenganisha familia hiyo: baba akaenda Estonia, mama akaishi Kyiv na watoto. Huko binti huyo alijiunga na kwaya mashuhuri ya Dumka. Mwaka 1927, kwaya ikiwa ziarani Leningrad, alivuka mpaka akaingia Estonia kumfuata babake.

Sauti yake ilikuwa soprano, sauti ya juu kabisa ya kike, na yenye wepesi wa kupanda na kushuka mithili ya ndege. Mwaka 1933 aliingia katika opera ya taifa mjini Berlin, na katika miaka hiyo akarekodi santuri kadhaa. Santuri ndizo zilizomfungulia dunia. Irving Thalberg, mtayarishaji wa filamu katika kampuni ya MGM ya Marekani, alizisikia, akampa mkataba wa miaka 10 kabla ya kumjaribu mbele ya kamera. Haikuhitajika barua ya mjomba wala kujuana. Sauti ilitangulia, mwenyewe akafuata.

Ajabu ni kwamba walionunua kizuri hicho walianza papo hapo kukitembeza. Matangazo ya kampuni yaliufundisha umma kulitamka jina lake kwa kulilinganisha vina na neno la Kiingereza lenye maana ya urembo wa kupindukia. Thalberg mwenyewe alifariki mwaka 1936 bila kuiona kazi aliyoianzisha. Filamu ya The Great Waltz, inayohusu mtunzi Johann Strauss, ilitoka mwaka 1938, na Korjus akateuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Hakuipata. Lakini filamu hiyo ilipendwa mno katika Muungano wa Kisovieti, nchi ile ile aliyoitoka akiwa msichana wa kwaya.

Kisha mkono wa majaaliwa ukamgusa. Mwaka 1940 alipata ajali ya gari, mguu ukapondeka, nusura ukatwe. Filamu yake ya pili huko Hollywood ikafa kabla ya kuzaliwa. Aliigiza nyingine Mexico mwaka 1942, akaimba katika ukumbi wa Carnegie mjini New York mwaka 1944, hatimaye akafanya makao Los Angeles. Alifariki mwaka 1980.

Anayehesabu filamu atasema Korjus alifanya machache. Lakini anayesikiliza santuri zile leo bado anaisikia sauti ya mwanamke kijana wa Berlin, kabla ya matangazo, kabla ya ajali. Mguu ulipondeka, santuri haikupondeka. Je, laiti pasingekuwapo mtu wa kuirekodi sauti ile, nani angeijua leo?

Hapo ndipo wajibu wa mwalimu unapoanza. Mwanafunzi anayeimba au kutunga vizuri hawezi kujiuza akiwa kimya katika safu ya nyuma ya darasa. Apewe jukwaa, insha yake isomwe mbele ya wenzake, sauti yake ihifadhiwe ilhali ingalipo. Naye mwanafunzi asingoje kuitwa: aifanye kazi yake vyema kiasi kwamba, ikisikika mahali asipofika, itamsemea.

Kizuri chajiuza, naam. Lakini sharti mtu akitoe nje.