Posta ya Wajerumani katika Nyumba ya Kiamu

Je, wajua kwamba Wajerumani walikuwa na posta Lamu kabla ya kuwa nayo Dar es Salaam na Bagamoyo? Ya Lamu ilifunguliwa tarehe 22 Novemba 1888. Zile nyingine mbili zilisubiri hadi Oktoba 1890. Nyumba yake ingali imesimama kando ya njia kuu ya mji, ile ambayo wenyeji huiita Usita wa Mui, na leo ni makumbusho.

Ajabu ni kwamba Lamu haikuwa yao. Kisiwa kilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Wajerumani walikuwa na Witu, usultani mdogo wa bara ng'ambo ya pili, ambao mtawala wake, Ahmed Simba, aliingia chini ya ulinzi wa Ujerumani mwaka 1885 kwa mapatano yaliyosukwa na ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt. Witu ilikuwa na mashamba na msitu, lakini haikuwa na bandari ya kutegemewa. Aliyetaka kupeleka barua Ulaya alishuka hadi Mkonumbi, akapanda mashua kuja Amu, yaani Lamu, na hapo barua ikangoja meli. Posta ikabidi iwekwe meli zilipo, hata kama bendera inayopepea hapo ni ya mwingine.

Ndani ya posta hiyo zilitumika stempu zilezile zilizouzwa Berlin au Hamburg. Barua ya kawaida ya kwenda nchi za nje ilibandikwa stempu ya pfennig 20. Alama pekee ya kwamba imetoka huku kwetu ni muhuri wa wino mweusi wenye jina LAMU. Stempu zilizopigwa chapa mpya ya thamani kwa sarafu iliyoitwa pesa, kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, zilitoka mwaka 1893, wakati posta ya Lamu imeshafungwa. Ndiyo maana wakusanyaji wa stempu hawaitazami picha iliyo juu yake. Husoma muhuri, herufi kwa herufi.

Nyumba yenyewe inastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, maana wengi huingia kusoma vibao vya historia wakasahau kuinua macho. Ni kazi ya mafundi wa Kiamu. Jiwe la ujenzi wa Lamu ni la matumbawe, na mengi yalichimbwa Maweni, katika kisiwa cha Manda, yakavushwa kwa vyombo vya tanga. Chokaa nayo ni matumbawe: hupangwa juu ya lundo la magogo, yakachomwa hadi yakawa meupe na mepesi, kisha yakamwagiwa maji na kuachwa yalainike kabla ya kukorogwa na mchanga. Kwa hiyo jiwe na kinachoshika jiwe vina asili moja, bahari.

Dari ndiyo inayoamua umbo la nyumba nzima. Hubebwa na miti ya mikoko. Watu wa Lamu huipanga miti hiyo kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Ya dari ni boriti, na juu yake hulazwa vipande vya mawe, kisha chokaa nzito iliyopondwa. Uzito huo haubebeki kwa mti mrefu. Ukizidi mita tatu hivi hupinda. Fundi basi hana budi kujenga vyumba vyembamba, akavirefusha apendavyo upande wa pili. Ukisimama katika nyumba ya zamani ya Lamu ukanyoosha mikono, utahisi kipimo cha boriti katika upana wa chumba. Miti hiyohiyo ilisafirishwa na majahazi hadi Oman na Ghuba, na huko nako vyumba vya zamani vina upana wa namna hiyo.

Kisiasa mambo yalikwenda mbio. Agosti 1889 msuluhishi Mbelgiji, Baron Lambermont, aliamua kwamba Wajerumani hawana haki ya pekee juu ya Lamu. Siku chache baadaye Sultani wa Zanzibar akaikabidhi Lamu kwa kampuni ya Kiingereza. Mei 1890 kampuni hiyo ikafungua posta yake Mombasa na Lamu, hata kwa miezi kadhaa mji huu mdogo ukawa na posta mbili za mataifa mawili. Julai mwaka huohuo Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu, katika mkataba ulioipa Ujerumani kisiwa cha Helgoland. Septemba, Wajerumani kadhaa waliuawa Witu. Oktoba, wanajeshi wa Kiingereza wakauteketeza mji wa sultani wa Witu wa wakati huo, Fumo Bakari. Posta ya Lamu ilifungwa Machi 1891, baada ya miaka miwili na miezi minne.

Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na jambo linalonisumbua ni saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, kisha huutoa taratibu kupitia plasta ya chokaa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea. Chumvi huganda ndani, jiwe likamomonyoka nyuma ya uso unaong'aa. Vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani navyo huoza. Chokaa hudai kupakwa tena na tena, na mafundi wanaojua kuichoma na kuilainisha bado wapo. Kazi wapewe wao.