Namna Mtu Anavyobadili Mawazo

Wazo halikai peke yake kichwani. Limefungamana na mawazo mengine, na heshima ya mtu, na watu anaoishi nao; kuling'oa ni kuvitikisa vyote hivyo. Mwaka 1957 mwanasaikolojia Leon Festinger wa Marekani alieleza kwamba anayekutana na jambo linalopinga imani yake hupata msuguano wa ndani. Ili atulie, mara nyingi hulikataa jambo hilo au hulitafutia sababu. Kuiacha imani yenyewe ni vigumu zaidi. Hoja zikizidi ukali, huenda naye akazidi kujitetea.

Njia nyingine ilionekana wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwanasaikolojia Kurt Lewin alichunguza jinsi akina mama wa Marekani wangeweza kuzoea kupika moyo, figo na nyama nyingine za ndani. Waliosikiliza mhadhara, ni 3 tu kwa 100 walioipika nyama ambayo hawakuwahi kuipika. Waliojadiliana wenyewe kisha wakaamua pamoja, walifika 32 kwa 100.

Huko Katanga, nchini Kongo, badiliko la namna hii lilimpata mwalimu kabla ya wanafunzi wake. Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Baadaye alikiri kwamba kwa miaka yake ya mwanzo alifundisha kama bwana mwenye majibu yote, na mafundisho hayakuzama. Ndipo akageuka kuwa muulizaji: watu hawa ni nani, nao wanatamani nini kuliko vyote? Majibu yao yalimzalia kitabu kuhusu falsafa ya Wabantu, kilichotoka kwa Kifaransa mwaka 1945 mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Yalimwonyesha pia kwamba waliyoyatamani ndiyo aliyoyatamani yeye mwenyewe.

Katika miaka ya 1950, huko Kolwezi, mazungumzo yake na watu hao yakazaa Jamaa, chama cha Wakatoliki kilichoenea miongoni mwa wafanyakazi wa migodi ya Union Minière na wake zao. Mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili juu ya mawazo matatu makuu: uzima, uzazi na mapendo. Mke na mume walipokelewa na wenzao waliowatangulia, wakaongozwa hatua kwa hatua, wakaitwa baba na mama. Aliyeacha msimamo wake wa zamani hakubaki mpweke. Alikuwa amekwisha kupata ndugu.

Mwaka 2016 watafiti David Broockman na Joshua Kalla walichapisha utafiti uliofanyika Miami. Wajumbe waliopita nyumba kwa nyumba waliwaomba wenyeji wakumbuke siku wao wenyewe walipohukumiwa vibaya kwa kuwa tofauti na wengine, kisha wakawasikiliza. Mazungumzo ya dakika 10 hivi yalipunguza chuki dhidi ya watu waliobadili jinsia, na badiliko hilo lilidumu angalau miezi 3.

Katika visa hivi vyote, aliyebadilika alipewa nafasi ya kusema, akafikia uamuzi kwa kinywa chake, na hakuvuliwa heshima. Ukweli una nguvu zake, lakini humwingia mtu kwa wepesi zaidi pale asipolazimika kushindwa ndipo aukubali.