Mtayarishaji Aliyepanga Washindi



Mchezo wa maswali na zawadi unapoonyeshwa kwenye televisheni, hata hapa Nchelenge na Kashikishi, watazamaji hubishana: yule mshindi anajua kweli, au amepewa majibu? Swali hilo lilifika mbele ya Bunge la Marekani mwaka 1959, miaka miwili kabla televisheni haijaanza Kitwe. Mtayarishaji aliyehusika aliitwa Dan Enright.

Enright alizaliwa mwaka 1917, akajifunza kazi katika redio ya New York. Yeye na mwenzake Jack Barry, mtangazaji, walitunga michezo ya redio, kisha ya televisheni. Mwaka 1956 walianzisha Twenty-One katika shirika la NBC. Washindani wawili walifungiwa kila mmoja katika kibanda chake, wakigombea kufikisha pointi 21.

Yafaa tujue kwanza nani alikuwa tajiri wa kipindi. Gharama zililipwa na kampuni ya Pharmaceuticals, iliyouza Geritol, dawa ya kuongeza nguvu. Usiku wa kwanza mchezo uliendeshwa kwa haki, na washindani wakakosa swali baada ya swali. Asubuhi yake tajiri akapiga simu: hataki kuona tena jambo kama lile. Mvuvi wa chisense ataelewa upesi. Kopo la kupimia likiwa la mnunuzi, bei pia ni yake.

Hapo ndipo Enright alipoanza kugawa majibu. Herbert Stempel, mwanafunzi, aliagizwa anyoe nywele, avae suti isiyomkaa, akafundishwa hata namna ya kujifuta jasho. Mashine ya ubaridi ilizimwa kibandani ili jasho limtoke kweli. Idadi ya watazamaji ilipoacha kupanda, aliamriwa ashindwe. Tarehe 5 Desemba 1956 aliulizwa filamu iliyopata tuzo kuu ya Oscar ya mwaka 1955. Alijua vema kuwa ni Marty, lakini ilimbidi aseme On the Waterfront. (Filamu hiyo, kwa bahati, inahusu makuli wa bandari ambao chama chao kimetekwa na majambazi.) Aliyemshinda ni Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, kijana wa ukoo wenye jina, ambaye alivuna dola 129,000.

Stempel alipolalamika hakuaminiwa. Ushahidi ulitoka posta. Mshindani mwingine, mchoraji James Snodgrass, alikuwa amejitumia mwenyewe barua za rejista zenye majibu aliyopewa, kabla mchezo haujachezwa, akaziacha zimefungwa. Muhuri ulikuwa wa Mei 1957. Hakuna aliyeweza kubishana na muhuri.

Kipindi kilifutwa Oktoba 1958. Kupanga washindi hakukuwa kosa la jinai hadi sheria ya mwaka 1960, kwa hiyo walioadhibiwa ni washindani: Van Doren na wenzake kadhaa walikiri mwaka 1962 kwamba walisema uongo chini ya kiapo, wakapewa vifungo vilivyoahirishwa. Geritol iliendelea kuuzwa. Enright alihamia Kanada kutafuta kazi, na katika miaka ya 1970 alirudi kuungana na Barry, wakatayarisha The Joker's Wild na Tic Tac Dough. Alifariki mwaka 1992. Stempel aliajiriwa katika idara ya usafiri ya jiji la New York.