Nyumba yako inahitaji mifuko mingapi? Hesabu mbele ya kwenda soko



Mahindi yamekauka, tunapukusua, na kila mmoja anajiuliza: ninunue mifuko mingapi ya kuwekea chakula? Wengi wetu tunahesabu kwa macho, ao tunanunua kulingana na franga zilizo mfukoni siku ile. Ukinunua michache, mahindi mengine yanabaki katika mfuko wa kawaida mpaka fukusi wanayageuza unga. Ukinunua mingi, umefunga franga za mbolea katika mifuko mitupu. Hesabu inaanza na midomo ya nyumbani. Mifuko inakuja nyuma.

Hapa Kasapa jambo hili si dogo. Haut-Katanga inakula mahindi mengi yanayopitia Kasumbalesa kutoka Zambia. Mwaka wa 2024 ukame uliharibu mashamba ya Zambia, na mwezi wa 2 serikali yao ikatangaza janga la taifa. Mwaka kama ule, mwenye mahindi yake nyumbani halali njaa. Aliyesema mwezi wa 5, “Tuuzishe tu, tutanunua ingine,” anarudi soko mwezi wa 1 wakati meka imepanda bei.

1. Pima chakula cha juma moja

Usitegemee meka ya jirani, maana meka hazilingani. Chukua meka yako, ijaze mahindi, ipeleke kwenye mizani ya koperative, uandike kilo zake. Halafu kwa juma moja, mama ao yule anayepika aandike meka ngapi zimetoka kwa kwenda kusaga kwa ajili ya bukari.

Tuseme nyumba ya watu 8 imekula kilo 20 kwa juma. Namba hii ni mfano. Wewe weka yako.

2. Hesabu majuma

Kutoka mwanzo wa mwezi wa 6 mpaka mwisho wa mwezi wa 3 kuko majuma karibu 44.

Kilo 20 × majuma 44 = kilo 880.

Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya wageni, matanga, na watoto wanaorudi likizo: kilo 88. Jumla ni kilo 968, ni kusema mifuko 10 ya kilo 100.

3. Tenga mahindi ya kula kwanza

Hapa ndipo wengi wanapoteza franga. Si mahindi yote yanahitaji mfuko wa bei. Yale utakayokula katika majuma 10 ya kwanza, kama yamekauka vizuri na hayakutoka shambani na wadudu, yanaweza kukaa katika mfuko wa kawaida. Yataisha mbele fukusi hawajazaana sana. Kilo 20 × 10 = kilo 200, mifuko 2 ya kawaida.

Inabaki kilo 768. Hizo ndizo za kuweka katika mifuko isiyopitisha hewa: mifuko 8 ya kilo 100.

Mfuko huu, ambao wengi wanauita PICS, uko na plastiki mbili nzito ndani na mfuko wa kusukwa inje. Ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walifanya kazi kule Kameruni kuokoa kunde za wakulima. Hakuna dawa ndani. Wadudu wanapumua ile hewa kidogo iliyobaki, inawaishia, wanaacha kula na kuzaana, halafu wanakufa.

4. Mbegu, maharagi na mahindi ya kuuzisha: kila moja na hesabu yake

- *Mbegu.* Kwa wale wanaochagua mbegu katika mavuno yao (si mbegu ya hybride, ile inunuliwe kila mwaka), hektari 1 ya mahindi inaomba karibu kilo 25. Bidoni ya litre 20 inabeba karibu kilo 15 za mahindi makavu. Basi bidoni 2. Zijaze mpaka juu, zifunge kabisa, na mtu asizifungue mpaka kupanda.
- *Maharagi.* Kilo 2 kwa juma × 44, pamoja na nyongeza, ni kilo 97: mifuko 2 ya kilo 50.
- *Ya kuuzisha mwezi wa 1.* Tuseme kilo 500: mifuko 5 ya kilo 100. Mnunuzi akifika, mumwagie katika mifuko yake. Plastiki zako zibaki kwako.

5. Ondoa ile unayo

Nyumba ya mfano inahitaji mifuko 13 isiyopitisha hewa ya kilo 100, na 2 ya kilo 50. Lakini pengine iko na 4 ya mwaka jana. Kila plastiki uijaze hewa, usokote mdomo wake, uikandamize na kusikiliza. Ikitoa hewa, haifai tena kwa kazi hii. Kama moja imetoboka, inabaki 3: utanunua 10, si 13. Plastiki iliyotunzwa inaweza kutumika misimu 2 ao 3.

Mfuko mkubwa ao mdogo?

Kila mara unapofungua mfuko, hewa inaingia. Kwa kilo 20 kwa juma, mfuko wa kilo 100 unamaliza majuma 5, na ule wa kilo 50 majuma 2 na nusu. Nyumba kubwa ichukue mikubwa. Nyumba ya watu 3 ao 4 inafanya vizuri kuchukua midogo. Njia ingine: weka bidoni 2 za jikoni. Fungua mfuko mkubwa, toa kilo 30 mara moja, kandamiza hewa itoke, funga tena papo hapo kwa kamba, na usiuguse mpaka bidoni zimekwisha.

Mambo matatu yanayoharibu hesabu yote

*Mahindi mabichi.* Mfuko huu haukaushi. Ukifunga mahindi yenye maji, yataoza na kuleta kuvu lenye sumu. Tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, funga, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikishika kwenye chupa, rudisha mahindi kwenye jua.

*Chombo chenye historia mbaya.* Katika mji wetu wa migodi, mapipa na bidoni za bei ndogo ni nyingi soko. Kama hujui ilibeba nini, iache. Chombo kilichobeba asidi ao dawa ya shamba hakiwezi kusafishwa kwa kuweka chakula.

*Nafasi.* Jaza mfuko mmoja, usimamishe ndani ya nyumba, uchore alama yake chini. Sasa hesabu alama ngapi zinaingia juu ya mbao, mbali na ukuta, na njia ya kupita ili uone kama panya amefika. Kama inaingia 9 tu, ongea na jirani ao na depo ya koperative mbele ya kununua 13.

Na kama mavuno hayatoshi?

Nyumba ya mfano inahitaji karibu kilo 1,500 kwa yote. Aliyevuna kilo 1,000 asilazimishe. Mbegu kwanza, chakula cha nyumba pili. Mifuko ya kuuzisha isinunuliwe mwaka huu.

Baba na mama wafanye hesabu hii pamoja, mezani, mbele ya gunia la kwanza kutoka nyumbani. Halafu kila mwanachama alete namba yake kwa katibu. Tukijua namba za wote, tunaweza kununua mifuko pamoja na kuongea bei.