Ovakloki: Piga Hesabu Kabla ya Kugusa BIOS

Kabla ya kuuliza volti ngapi au feni gani, soma kwanza jina la prosesa uliyonayo. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi zimeshatumika maofisini Ulaya au Marekani kabla ya kufika huku: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ndani yake utakuta Core i5-6500 au i5-8500, na prosesa hizo zimefungwa kiwandani. Huwezi kuzipandisha kasi kupitia BIOS ya mashine hizo. Kijana anayekuambia ataifungua kwa elfu thelathini anazitaka hizo elfu thelathini tu.

Mwenye mashine ya namna hiyo ana njia tatu, na zote ni nafuu kuliko ovakloki. Kama bado anatumia diski ya kuzunguka, aweke SSD. Hakuna ovakloki itakayompa tofauti kubwa kama hiyo wakati wa kuwasha kompyuta na kufungua programu. Kama ana kipande kimoja cha RAM, aongeze cha pili kinachofanana nacho ili viwili vifanye kazi kwa pamoja. Na kama ana i5-6500, anaweza kuitoa akaweka i7-6700, ambayo ina kore nne zile zile lakini inabeba nyuzi nane za kazi badala ya nne. Angalizo: i7-8700 ina pini zinazolingana kwa idadi, ila haiwaki kwenye mazabodi ya i5-6500. Wauzaji wengine hawalijui hilo, na wengine wanalijua na kunyamaza.

Sasa tuje kwa wale ambao prosesa zao zinakubali. Kuovakloki ni kuiendesha prosesa kwa kasi inayozidi ile iliyopangiwa na kiwanda, na sifa zake zilitokana na enzi ambazo zilistahili. Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A ya MHz 300. Wajanja waligundua kwamba ukiiwekea basi ya MHz 100 badala ya 66, inakimbia MHz 450 bila kulalamika, yaani nusu nzima zaidi, huku Pentium II ya MHz 450 ikiuzwa kwa bei mara kadhaa ya hiyo. Mwaka 2011 ikaja Core i5-2500K, iliyotoka kiwandani na GHz 3.3, na watu wengi waliifikisha GHz 4.5 kwa kipoza joto cha kawaida cha feni. Hapo ovakloki ilikuwa njia halisi ya kubana matumizi.

Siku hizi kiwanda chenyewe kimeshaila faida hiyo. Core i9-14900K hufika GHz 6.0 bila mtu kugusa kitu, na imeruhusiwa kula hadi wati 253 ikizidiwa na kazi. Kilichobaki kwa mnunuzi ni makombo, na makombo hayo yana bei. Tuitazame bei yenyewe.

Kwa Intel, ili uovakloki unahitaji vitu viwili pamoja: prosesa yenye herufi K na mazabodi ya familia ya Z, kama Z690 au Z790. B660 na B760 zitakuruhusu kuharakisha RAM, lakini prosesa hapana. Chukua mfano wa kizazi cha 12, ambacho bado ni chaguo zuri kwa bei ya sasa. Bei elekezi ya Intel kwa Core i5-12600K ilikuwa dola 289. Core i7-12700F, ambayo imefungwa, ilikuwa dola 314. Madukani kwetu bei hupanda kwa usafiri, ushuru na mdomo wa muuzaji, lakini pengo kati ya hizo mbili hubaki dogo. Sasa ongeza vingine. Ile ya K huja bila kipoza joto ndani ya boksi. Hii ya F huja nacho. Ile ya K inadai mazabodi ya Z, ambayo kwa kawaida ni ghali kuliko B660 kwa kiasi kinachozidi hizo dola 25 za tofauti. Ukijumlisha yote, anayeovakloki i5 amelipa zaidi ya aliyenunua i7, na i7 ina kore kubwa mbili za ziada na nyuzi 20 dhidi ya 16. Kwa kuhariri video au kufanya kazi nzito yoyote, ovakloki ya i5 hailifuti pengo hilo. F maana yake haina sehemu ya picha ndani, hivyo kadi ya picha ni lazima. Lakini mtu anayewaza ovakloki kwa ajili ya gemu kadi anayo tayari.

Kwa AMD hesabu ni tofauti, na ndiko ninakoona ovakloki bado ina maana. Karibu Ryzen zote za soketi ya AM4 ziko wazi, na mazabodi za B450 na B550 zinaruhusu. A320 na A520 haziruhusu, kwa hiyo usinunue A520 kwa kuokoa kidogo halafu ukajuta. Ryzen 7 5800X3D nayo imefungwa. Ryzen 5 5600X ilitoka mwaka 2020 kwa dola 299. Ryzen 5 5600 ikafuata mwaka 2022 kwa dola 199. Zote zina kore sita na nyuzi 12. Zinapopishana hasa ni kwenye kasi ya juu, GHz 4.6 dhidi ya 4.4. Washa kipengele kinachoitwa PBO ndani ya BIOS, uiruhusu 5600 ipande MHz 200, na pengo limeisha. Hujanunua mazabodi ya pekee wala prosesa ya bei mbaya.

Watu wengi huharibu kwa kutaka kupita hapo. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa mraba. Tuseme unataka kore zote zitoke GHz 4.4 hadi 4.7, na ili zikubali unapandisha volti kutoka 1.20 hadi 1.35. Kasi imeongezeka kwa asilimia 7. Umeme umeongezeka kwa karibu asilimia 35. Prosesa iliyokuwa inakula wati 76 inavuka 100, na kile kipoza joto kidogo cha AMD kilichokuja kwenye boksi hakikutengenezwa kwa mzigo huo.

Kwenye bili, hilo halitishi. Hata zikifika wati 40 za ziada kwa saa tano kila siku, ni uniti sita kwa mwezi. Kwa mteja wa LUKU nchini Tanzania anayelipa takriban shilingi 350 kwa uniti, ni kama shilingi 2,100, pesa ya sahani ya chipsi. Kinachotisha ni joto. Wapimaji wa Ulaya na Marekani hufanya majaribio yao kwenye vyumba vya nyuzijoto 20 na kitu. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari kinafika 32 bila kiyoyozi, na kila nyuzi inayoongezeka chumbani huongezeka karibu vivyo hivyo kwenye prosesa. Matokeo ya nyuzi 82 uliyoyaona kwenye video, kwako ni zaidi ya 90, na 90 ndiyo kikomo cha Ryzen 5 5600. Ikifika hapo hujipunguza kasi yenyewe, na ile ovakloki uliyoitolea jasho inayeyuka. Weka na vumbi. Kwa hiyo kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua kipoza joto cha mnara chenye feni ya milimita 120, na usafishe kasha; prosesa yenye nafasi ya kupumua hupanda yenyewe kidogo kabla hujafanya lolote.

Kwa nchi za joto, ninayoipendelea ni njia ya kinyume: kushusha volti na kuacha kasi. Kuanzia Ryzen 5000, AMD imeweka kipengele cha Curve Optimizer, ambapo kila kore hupewa volti pungufu kwa kasi ile ile. Anza na hasi 10, si hasi 30 aliyoandika mtu mwenye prosesa nyingine. Prosesa mbili za jina moja hazilingani uwezo. Joto linashuka, na kwa kuwa joto limeshuka, prosesa inabaki kwenye kasi ya juu muda mrefu zaidi.

Utaratibu wa usalama haubadiliki. Nakili faili zako kwanza, kwa sababu ovakloki mbovu inaweza kuharibu data kimya kimya bila kuzima mashine. BIOS mpya iwekwe kompyuta ikiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi inaweza kuwa kopo. Pima hali ya mwanzo kwa programu ya Cinebench, uandike alama na joto, na upime saa nane mchana, si usiku. Panda hatua ya MHz 100 kila mara kupitia kizidishio, wala usiguse kasi ya basi. Usiiache volti kwenye otomatiki unapoweka kasi ya kudumu, maana mazabodi nyingi humimina kupita kiasi ili mashine iwake tu. RAM ishughulikie siku nyingine, ili mashine ikianguka ujue mkosaji ni nani. Na kabla ya yote hayo, angalia kama RAM yako ya 3200 haiendi kwa 2133 kwa sababu hakuna aliyewasha kipengele cha XMP ndani ya BIOS. Hiyo ndiyo kasi ya bure inayosahauliwa zaidi.

Kompyuta kumaliza mchezo mmoja bila kuganda hakuthibitishi uthabiti. Programu ya Prime95 au OCCT kwa saa kadhaa hufichua udhaifu wa kore zote zikiwa kazini. Lakini volti iliyoshushwa mno mara nyingi huangusha mashine ikiwa haina kazi, au kore moja inaporuka kwenda kasi ya juu, hivyo pima pia kore moja moja. Fungua kumbukumbu za matukio za Windows utafute makosa ya WHEA. Hata moja likionekana, rudi nyuma hatua. Mashine ikikataa kuwaka, toa betri ya CR2032 ikiwa imechomolewa umeme, subiri dakika chache, mipangilio itarudi ya kiwandani.

Waranti usiitegemee. Uharibifu unaotokana na ovakloki hauhesabiwi na AMD, na PBO imo humo. Intel iliwahi kuuza mpango wa kinga kwa waovaklokishaji, ikaufunga mwaka 2021.

Neno la mwisho ni kwa wanunuzi wa mtumba. Prosesa za Core i5 hadi i9 za kizazi cha 13 na 14, hasa zile kubwa za K, ziligundulika kudhoofika kwa volti kubwa mno hata bila kuovaklokiwa. Mwaka 2024 Intel ilitoa marekebisho ya BIOS na kuongeza miaka miwili ya waranti kwa zilizonunuliwa kwenye boksi, lakini marekebisho hayo hayaiponyi iliyokwishaumia. Ukiuziwa mojawapo kwa bei tamu, mwombe muuzaji aiendeshe Cinebench nusu saa mbele yako, BIOS ikiwa mpya na mipangilio ikiwa ya kiwandani. Akikataa, rudisha pesa mfukoni.